Baridi hii ya Mbeya, ndege wa bustanini wameenda wapi?

Neema_wa_Forest

Wakuu habari za baridi. Niko Mbeya mjini, nilihamia mwaka jana mwezi wa kumi kikazi kutokea Morogoro, na tangu Januari nimejikuta kwenye kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kuangalia ndege. Nyuma ya nyumba ninayokaa kuna bustani ya mikaratusi na misindano, upande wa chini kuna kijito kinachotuama kidogo na majani marefu, basi asubuhi kabla ya kazi nikawa nakaa pale na chupa yangu ya chai na daftari. Msimu wa mvua ilikuwa raha jamani. Kulikuwa na mmoja mweusi tii, chini ya mgongo karibu na mkia ana njano inayong'aa na kidogo mabegani, alikuwa anatunisha manyoya mpaka anakuwa kama mpira afu anaruka juu ya majani kwa mbwembwe anatua anaruka tena, nilikuwa namwangalia mpaka nachelewa daladala. Mbayuwayu walikuwa wanapita chini chini juu ya nyasi. Mpaka mwezi wa nne daftari lilikuwa na aina 41, sio zote nazijua majina, nyingine nimechora tu na kuandika rangi.

Sasa tangu katikati ya Juni hakuna kitu. Naamka saa kumi na mbili kasoro, koti, mzura, soksi mbili, ukungu mpaka huoni mti wa pili, nakaa mpaka saa moja na robo meno yanagongana, naambulia kunguru na njiwa. Jana aina tano tu. Yule mweusi wa njano sijamuona hata mara moja, mbayuwayu hakuna, kimya kimya mpaka mtu unaogopa. Waliobaki ni vikundi vya vidogo vya kahawia vyenye michirizi kama shomoro majike, vinaokota mbegu chini na vikinisikia tu vinaruka vyote.

Naomba mnisaidie, hivi hawa ndege wanahama kabisa baridi ikiingia au mimi ndo sijui kuangalia? Niendelee au nisubiri mvua za Novemba? Na kuhusu darubini, mpaka sasa natumia macho na simu, nataka kununua ya mtumba ila sijui nikague nini. Jambo la mwisho, juzi mlinzi wa jengo la jirani alinifuata akaniuliza napiga picha za nini, nikajieleza hakunielewa, nikaondoka roho imeuma kwa kweli.

Kitwitwi

Dada Neema karibu sana, na usiache, nakuomba usiache. Mimi nipo Mbeya hii hii naangalia ndege mwaka wa tisa sasa, na miezi ninayoipenda kuliko yote ni Juni, Julai na Agosti.

Kosa lako la kwanza ni saa. Msimu wa mvua saa kumi na mbili asubuhi ni sahihi kwa sababu madume yanaimba kutetea maeneo na kuita majike. Sasa hivi wengi hawazai, hawana cha kuimbia, na mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai ndege mdogo wa gramu kumi ametumia karibu akiba yake yote kujipasha joto. Wadudu nao wamelala mpaka jua liwapate. Kwa hiyo alfajiri hana sababu ya kutoka. Wewe lala. Nenda saa mbili na nusu mpaka saa nne siku ambazo huendi kazini, ukungu ukianza kufunguka, na usikae kivulini kusubiri, tafuta sehemu ya kwanza kupigwa na jua. Kila bustani ina mti mmoja au ukuta mmoja unaopata jua kabla ya wengine, ukishaujua huo umemaliza nusu ya kazi.

Pale utawakuta pasa, wengine wanawaita kuzumburu, wale wa kahawia wenye kishungi na mkia mrefu kama wa panya. Waangalie vizuri dada maana ni jambo la kushangaza. Hawakai juu ya tawi kama ndege wengine, wananing'inia, miguu imeshika tawi usawa wa mabega, tumbo lote limeelekezwa kwenye jua, manyoya ya tumboni wameyafungua mpaka unaona ngozi nyeusi. Chakula chao ni majani na matunda, kitu kigumu kusagika, na jua la asubuhi linawapasha tumbo mwili ufanye kazi bila kutumia nguvu nyingi. Usiku wanalala wamebanana kama fungu la ndizi. Nimewahi kuhesabu tisa kwenye tawi moja wamekumbatiana, wa katikati sikumuona kichwa.

Kuhusu ule ukimya. Kipindi hiki ambacho hawazai, ndege wadogo wengi wanatembea kwa makundi ya mchanganyiko, aina tano sita pamoja, macho mengi ya kumuona kipanga na mmoja akishtua mdudu mwingine anamdaka. Maana yake bustani inaweza kuwa tupu dakika arobaini afu ghafla mti mmoja unajaa, dakika tatu wamepita. Ukiwa umekaa saa moja ukaondoka unaweza ukawa umewakosa kwa dakika tano. Vile vidogo vya kijani-njano vyenye duara jeupe kuzunguka jicho ndo unaanza kuvisikia, vinaongea muda wote, ukivisikia simama, wenzao wako nyuma.

Mbayuwayu uliokuwa unawaona wengi wao ni wa Ulaya, wanakuja kwetu kuanzia Septemba, Oktoba, na mpaka Aprili wameondoka. Sasa hivi wako kwao wanalea watoto kwenye mabanda ya ng'ombe. Watarudi tu. Huyo wa njano namwachia Mwalimu wa Iringa, najua atapita hapa.

Ruaha_Kwanza

Kamwene wakuu. Mimi natofautiana kidogo na Kitwitwi, samahani mkuu. Dada kama una siku tatu za likizo usizipoteze kwenye ukungu wa Mbeya, shuka Ruaha. Kiangazi maji yanapungua, Ruaha Mkuu unabaki madimbwi, wanyama na ndege wote wanajikusanya pale, majani yamepukutika huna haja ya kuhangaika, hifadhi ina aina zaidi ya 500 na kwenzi wa kijivu ambaye nje ya Tanzania hayupo utamuona mpaka umchoke, anakuja mpaka mezani. Mimi naishi Iringa na kila Agosti lazima niende. Bustani ya mjini ni ya kujifunzia, sio ya kuona ndege.

Kitwitwi

Mkuu Ruaha naijua na naipenda, ila hapo mwisho sikubaliani na wewe hata kidogo. Ruaha utaenda mara moja kwa mwaka na gari la kukodi, bustani unaenda kwa miguu kila Jumamosi. Nimejua kwamba kile cheusi na cheupe chenye mkia mrefu kinachokaa kwenye waya kinachoma panzi kwenye miiba ya seng'enge ili ale baadaye kwa sababu nilipita kwenye uzio ule ule miezi miwili mfululizo. Nilimkuta panzi ametobolewa shingo, miguu bado inacheza, kesho yake hakuna kichwa, keshokutwa hakuna kitu. Hilo huwezi kuliona ukiwa kwenye gari unapita.

Mwl_Mstaafu_Iringa

Habari zenu vijana. Dada Neema, swali lako la yule mweusi wa njano limenifurahisha maana na mimi lilinisumbua zamani kabla sijapata wa kumuuliza.

Hajaenda popote. Ni kwamba amevua nguo. Dume la ndege huyo, jina lake la kisayansi ni Euplectes capensis ukitaka kumtafuta mtandaoni, anavaa weusi wakati wa kuzaa tu. Mvua zikiisha na nyasi zikishatoa mbegu ananyonyoka ule weusi wote anaota manyoya ya kahawia yenye michirizi, anafanana na jike lake, anajiunga kwenye makundi na wanaokota mbegu chini. Ndugu zake wekundu wa mabonde ya mpunga nao hivyo hivyo, na wale wenye mikia mirefu myeusi wa kwenye nyasi za juu mkia wote unadondoka. Maana yake wale vidogo vya kahawia unavyoviandika kama si kitu, yule wako kuna uwezekano mkubwa yumo humo ndani.

Namna ya kumjua ni hii. Wale wekundu wakivua wanavua karibu kila kitu, lakini huyu wa njano habadilishi ile njano ya chini ya mgongo. Inabaki mwaka mzima. Tatizo akitua mabawa yanaifunika huioni. Kwa hiyo usiwaangalie wakiwa chini, waangalie sekunde ile wanaporuka kukukimbia wewe, wakiwa wamekupa mgongo. Tazama juu kidogo ya mkia. Usiwafukuze makusudi lakini, baridi hii kila kuruka ni gharama kwao, kaa tu mbali, mpita njia yeyote atawarusha.

Chozi nao wana tabia hiyo. Yule dume wa kijani kibichi mwenye manyoya mawili marefu mkiani, saa hizi anaweza kuwa kahawia na mabaka machache ya kijani kama nguo iliyoliwa na nondo. Wafuate kwenye mishubiri yenye maua, hata ya kwenye uzio wa mtu. Usiku wa baridi sana chozi wanapunguza joto la mwili ili wasife njaa kabla ya asubuhi, ndiyo maana ukimkuta mapema amekaa tu amejitunisha hatikisiki usidhani anaumwa, anasubiri mwili urudi.

Darubini. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wengi wanakimbilia 10 au zaidi wakidhani ndiyo nzuri, mkono ukitetemeka kwa baridi ndege anatetemeka mara kumi. Lenzi pana inaingiza mwanga mwingi, na kwenye ukungu mwanga ndiyo kila kitu. Ya mtumba ikague hivi: itikise taratibu sikioni, kitu kikigonga ndani iache. Igeuze uchungulie kwa upande wa mbele ukielekeza kwenye mwanga, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, iache. Angalia nguzo ya umeme ya mbali kwa macho yote mawili, zikionekana nguzo mbili au kichwa kikianza kuuma, iache hata kama ni bei ya bure. Zile za lenzi nyekundu nyekundu zinazouzwa barabarani usiguse. Na ukishaipata ivae nje ya koti sio ndani, ikishapoa kwa hewa ya Julai ukiiingiza kwenye joto na unyevu wa mwili inajaa mvuke na ndege anaondoka wewe unafuta.

Kuhusu mlinzi pole sana. Mimi huwa nasalimia kwanza kabla sijakaa, namuonyesha daftari, namuonyesha na ndege mmoja kwenye darubini. Na kamwe sielekezi kioo kwenye nyumba ya mtu au jengo la ofisi, hata ndege awe wa namna gani.

MamaWaMakete

Neema mwanangu pole na baridi, ila hiyo ya Mbeya kwetu tunaita joto, huku Makete Julai unaamka nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, ukikanyaga zinavunjika.

Nimesoma habari za mbayuwayu nikaona niseme la kwetu. Juu huku Kitulo kuna mbayuwayu wa buluu, wote buluu iliyokolea mpaka anaonekana mweusi jua likiwa limefichika, dume ana mikia miwili mirefu myembamba. Huyu hazalii Ulaya, huyu ni wetu, anakuja Septemba na mvua za kwanza zikikaribia, anajenga kwa tope na nyasi ndani ya shimo la ardhini, hata shimo la mhanga, afu Aprili anaondoka kwenda Uganda na magharibi ya Kenya. Kwa hiyo saa hizi na sisi hatunaye. Anahesabiwa kati ya ndege walio hatarini kwa sababu anataka nyasi za asili na maji karibu, na nyasi hizo tumezilima viazi na kupanda misindano, mimi mwenyewe mume wangu ana misindano, nasema ukweli. Kilichobaki salama kwa kweli ni hifadhi, ilitangazwa 2005, kama kilomita za mraba 413, na watu wanakuja Desemba mpaka Machi kuona maua ndiyo maana wanaiita Bustani ya Mungu. Julai hawaji. Lakini Julai nyasi ni fupi na tandawala anaonekana kutoka mbali, ndege mkubwa mwenye shingo ya rangi ya kutu nyuma, anatembea polepole kama mzee anayekagua shamba, akisimama unaweza kudhani ni kisiki. Ukipanda kutokea Chimala zile kona 57 vaa nguo zako zote.

Na kingine, huku tunaona baridi ikizidi ndege wa msitu wa juu wanashuka mabondeni, kuna kamoja ka tumbo la njano kichwa cha kijivu-buluu na katone keupe mbele ya jicho, Julai nakaona kwenye vichaka karibu na kisima, miezi mingine lazima upande msituni.

Kitwitwi

Mama asante kwa hilo la kushuka, limeandikwa pia kwa misitu ya Usambara na Udzungwa kwamba baridi ikiingia baadhi ya ndege wa juu wanateremka. Dada Neema kwa hiyo vichaka vya kando ya kijito chako usivipite, yote yanayoteremka kutoka mlima Loleza yanafuata maji. Na sio kwamba baridi inaondoa tu, inaleta pia. Kuna kulastara wa Madagaska, anazaa kwao afu kuanzia Mei mpaka Oktoba anakuja Afrika Mashariki kukaa kwenye mabwawa na madimbwi, ni wachache mno duniani sasa. Anafanana sana na yule wa kwetu mdogo wa michirizi, ila mdomo wake mnene zaidi na mgongo umekolea. Mimi kwa miaka yote tisa sijamuona Mbeya, ila kila dimbwi nalichungulia.

Boda_Iyunga

Samahani naingilia, mimi sio mtu wa ndege, nimesoma tu uzi wote nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Madogo wa mtaani kwetu wanapiga hao pasa kwa manati kila Jumamosi wakati huo huo wa jua la saa mbili, maana wanakuwa wametulia hawaruki. Sikuwa najua kama wanajipasha tumbo. Nifanyeje, niwanyang'anye?

Mwl_Mstaafu_Iringa

Usiwanyang'anye kijana wangu, watatengeneza nyingine mchana. Waambie hicho ulichokisoma hapa kuhusu tumbo, afu waambie wakuhesabie ni wangapi kwenye tawi. Mtoto wa manati ana jicho kuliko sisi wote wenye darubini. Wanaonionyesha viota Iringa leo wawili walikuwa wapiga manati.

Neema_wa_Forest

Wakuu nimerudi, leo Jumapili. Kwanza shikamoo mwalimu, shikamoo mama, na Kitwitwi asante sana, nimesoma majibu yenu mara tatu.

Nililala mpaka saa moja na nusu kama mlivyosema. Nimefika bustanini saa mbili na dakika ishirini, ukungu ulikuwa unapanda kwenye mikaratusi. Mti unaopata jua kwanza kumbe ni mparachichi wa jirani uliovuka ukuta, nimepita chini yake miezi yote hii. Pasa saba. Wamening'inia vile vile, matumbo nje, mmoja jicho amefumba. Nilisimama karibu sana hawakuondoka.

Mlinzi alikuwepo. Nilimsalimia kwanza, nikamuonyesha daftari langu na ile michoro, akacheka vizuri akasema yule wa kwenye waya kwao Rungwe wanamjua, akanitajia jina lake kwa Kinyakyusa na nimeliandika. Akakaa na mimi.

Basi nikakaa mbali na yale majani ya kijitoni, kama hatua thelathini. Vidogo vya kahawia walikuwepo kama ishirini hivi, wanaokota mbegu, sikusogea. Nilikaa karibu nusu saa vidole havina hisia. Afu akapita mama mmoja na ndoo kichwani, wakaruka wote kwa mpigo kunipa mgongo, na katikati yao, mwalimu, mmoja, afu wa pili, njano! Ile ile, juu kidogo ya mkia, kama mtu amewasha kiberiti akazima. Walitua kwenye uzio wakafunga mabawa wakawa kahawia tena, na mlinzi akaniuliza dada mbona unalia.

Nimefuta ule mstari wa daftari niliokuwa nimeandika "ameondoka". Darubini nimepata mtu anauza ya 8x42 mtaa wa Soweto hapa hapa Mbeya, naenda kuitikisa sikioni kesho jioni.